Aliyenifundisha kubembeza ndoana Jomvu Kuu, na uongo nilioutoa hospitalini

Wakuu, assalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo nyote.

Juzi humu jamvini kuna kijana aliuliza mbinu ya kumtoa chewa chini ya mizizi ya mikoko bila ndoana kunasa. Nikamwandikia jibu refu sana. Nikalisoma. Nikalifuta.

Nililifuta kwa sababu nilijua mtu mmoja tu angeuliza, "Mzee, haya ulifundishwa na nani?" Na hilo swali nimelikimbia sana maishani.

Leo nalijibu. Majina nimebadilisha. Mengine yote nayaweka kama yalivyokuwa, na mengi yananiaibisha.

Mimi ni mzaliwa wa Jomvu Kuu. Baba mvuvi, babu mvuvi. Kwetu ni mshipi wa mkono na nyavu, basi. Mwishoni mwa miaka ya themanini n'likuwa na miaka ishirini na tano, nimeajiriwa na kiwanda kimoja pale Changamwe. Siku za mapumziko nikiingia na mtumbwi wa marehemu baba kwenye hori, ule mkono wa bahari unaokuja mpaka kwetu.

Shida ya hori letu ni mikoko. Maji yakijaa, chewa wakubwa huingia ndani ya mizizi, wakakaa kwenye kivuli wakingoja kamba na samaki wadogo wapite. Unawajua wapo. Lakini ukitupa mshipi, chubwi, ile risasi ya kuzamishia, inapiga maji "chubwi!" kweli kama jina lake, samaki anakimbia, na ndoana inanasa mzizi. Unakata mshipi, unafunga mwingine, unanasa tena. Wazee walikuwa wamekata tamaa na mizizi ile. Walisema wale chewa ni wa mwenyewe Mungu, waacheni.

Siku moja nimo mtumbwini namwona mtu ufukweni. Mtu wa bara, amevaa viatu vya mpira vya mvua, kofia ya kitambaa, ana fimbo fupi yenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Wakati huo kwetu fimbo ya rili ni kitu cha watalii. Nikacheka peke yangu.

Yule bwana akainama kidogo, mkono wake wa kushoto umeshika kitu cheusi. Akakiachia. Kile kitu hakikuruka juu. Kilipita chini kwa chini, shubiri moja juu ya maji, kikaingia kwenye kijishimo baina ya mizizi, mahali ambapo ndoo isingepita. Hakuna sauti. Hakuna hata duara kubwa la maji.

Akahesabu kidogo, akainua fimbo, na chewa akatoka.

Kicheko kikaniisha.

Nikasogeza mtumbwi, nikamsalimu. Nitamwita Wafula. Alikuwa kama miaka arobaini, dereva wa kreni bandarini, anaishi Changamwe na mkewe na binti yao Nekesa. Baba yake alikuwa akipiga makasia Naivasha kwa mzungu mmoja aliyependa kuvua. Kule ziwani kuna samaki wanamwita bass, aliletwa na wazungu, ana mdomo mkubwa kama mfuko na tabia zake ni za chewa kabisa: anajificha, anavizia. Wafula alijifunza akiwa mdogo, mtumbwi mmoja na baba yake.

"Hii samaki yenu," akaniambia, "ni ndugu ya ile yetu. Inaishi tu kwa chumvi."

Chambo chake nilipokiona nilitaka kucheka tena. Kilikuwa ni kipande cha tyubu ya baiskeli, amekichana mikia mikia kwa wembe, ndoana imefichwa ndani ya mpira ili isinase.

Nikamwomba anifundishe. Lakini wakuu, sikilizeni nilivyomwomba. Nilimwomba kwa sauti ya chini, na nikamwambia mafunzo yafanyike kwake Changamwe, si Jomvu. Mjukuu wa wavuvi afundishwe kuvua na mtu wa bara? Baraza zima wangenicheka.

Alielewa. Akatabasamu tu. Hiyo ndiyo aibu yangu ya kwanza, na ni ndogo.

Mafunzo yenyewe sasa. Kijana uliyeuliza, sehemu hii ni yako.

Wafula hakunipeleka majini. Wiki tatu nzima nilikuwa uwanjani kwake, ndoana imetolewa, mbele yangu karai hatua tano. Kazi yangu ni kutia kile kipande cha tyubu ndani ya karai bila karai kulia.

Unaacha mshipi uning'inie kutoka ncha ya fimbo, urefu wake kama fimbo yenyewe, ili chambo kifike usawa wa rili. Mkono wa kushoto unashika chambo kwa vidole viwili, kwa wepesi. Ncha ya fimbo unaiinamisha. Kisha kwa kifundo cha mkono tu unainua ncha kidogo, na papo hapo unakiachia chambo. Kinaondoka chenyewe kama mtoto kwenye bembea. Dole gumba liko juu ya rili. Chambo kikikaribia shimo, dole linabana polepole, kinatua kama jani.

Kuandika ni rahisi. Mimi wiki ya kwanza nilipiga ukuta, nikapiga kuku, nikapiga sufuria ya Mama Nekesa iliyokuwa jikoni.

"Athumani," Wafula akawa ananiambia, "wewe unatupa kama mtu anafukuza kunguru. Usirushe. Bembeza."

Mama Nekesa alikuwa akikanda unga wa mahamri mlangoni, anacheka mpaka anafuta machozi kwa kiwiko. Alikuwa mama mcheshi sana siku zile. Akiniwekea chai bila kuuliza kama nataka.

Karai likabadilishwa, likaja bakuli. Bakuli likaondoka, kikaja kikombe cha bati. Siku niliyotia tyubu kikombeni mara kumi mfululizo, Wafula akaniambia, "Sasa twende kwa maji."

Mtumbwini alikuwa na sharti moja. Moja tu. Mwenye fimbo anakaa mbele, mwenye kasia nyuma, na mkono wa mwenye fimbo haupandi juu ya bega. Kamwe. Hata ukiona samaki mkubwa kama mlango.

"Baba yangu alinichapa kwa hii," alisema. "Nyuma yako kuna mtu."

Tukavua hivyo karibu mwaka. Alhamdulillahi, nilikuwa mzuri. Jomvu nikaanza kuitwa Fundi wa Mizizi. Wakiniuliza baraza, "We Athumani, ujuzi huu umeutoa wapi?" nikijibu, "Ni akili tu, ndugu zangu." Wakati Wafula huenda yuko pale pale, ameketi pembeni, anakunywa kahawa.

Aibu ya pili. Na bado hatujafika.

Ikaja harusi yangu. Imebaki miezi miwili. Wakwe zangu walikuwa mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, na shemeji yangu mkubwa alikuwa mtu wa maneno. Alisikia habari ya kubembeza, akasema mbele ya watu kwamba huo ni uvuvi wa kitandani. Nikamwambia Ijumaa baada ya swala atakula chewa ambaye sinia moja halimtoshi. Nikaapa.

Ijumaa asubuhi nikaenda na Wafula. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, hajalala, kaja kwa ajili yangu tu. Tukabembeza mizizi yote tuliyoijua. Tukapata vidogo vidogo viwili. Maji yakaanza kutoka.

Na maji yakitoka kwetu, matope yanajitokeza, mtumbwi hauendi tena kila mahali. Hapo ndipo nikaona ng'ambo ya pili, chini ya mkoko mmoja mkubwa, maji yanapinduka. Chewa mkubwa. Mgongo wake niliuona.

Kwa kubembeza hapafikiki. Na kusogea hatuwezi, matope.

"Huyo muache," Wafula akasema nyuma yangu. "Kesho ako hapo hapo."

Mimi nilikuwa namwona shemeji yangu na mdomo wake.

Nikainuka nusu, nikapandisha fimbo juu ya kichwa, nikaipeleka nyuma kama mtu anayepasua kuni.

Nikahisi ndoana imeshika. Nikadhani imenasa tawi.

Wakuu, nikavuta.

Sikusikia kelele. Nilisikia kasia linaanguka ndani ya mtumbwi. Nikageuka. Wafula ameshika uso kwa mikono miwili, na mshipi wangu unatoka baina ya vidole vyake.

Sitaeleza zaidi ya hapo. Nilikata mshipi kwa meno. Nikapiga kasia kama mwendawazimu, nikamtoa kwenye matope nimembeba mgongoni, yakinifika magotini. Barabarani tukapata pikapu ya mtu wa mbao, akatupeleka hospitali. Njia nzima Wafula alisema neno moja tu: "Polepole." Alikuwa akimwambia dereva, kwa sababu ya mashimo.

Madaktari wakamchukua. Baada ya muda wakamlaza kitandani, kitambaa kimefunika nusu ya uso. Wakasema jicho la kulia halitarudi.

Mama Nekesa akaingia mbio, mikono bado ina unga. Akamtazama mumewe. Kisha akanigeukia mimi.

"Imekuwaje? Athumani, imekuwaje?"

Na mimi, mtoto wa Kiislamu, mlezi wangu mama mcha Mungu, niliyefunzwa Kurani tangu sijaota meno ya pili, nikafungua kinywa changu na kikasema:

"Ndoana yake ilinasa kwenye mzizi, mama. Akaivuta kwa nguvu. Ikachomoka ikamrudia."

Sikuwa nimeupanga. Ulitoka mzima mzima, umevaa na viatu.

Mama Nekesa akamwinamia mumewe. "Ni hivyo, Baba Nekesa? Ulivuta mwenyewe?"

Nilitazama kile kitambaa. Nilijua amenisikia. Vidole vyake vilichezacheza juu ya shuka.

"Ni hivyo," akasema Wafula. "Kama amesema."

Nilioa baada ya miezi miwili. Biriani lilisifiwa sana. Wafula alikuja, amevaa miwani myeusi, akanipa mkono.

Sasa ngoja niwaeleze uongo ule ulifanya nini, maana mtu husema uongo akidhani umeishia pale pale aliposimama.

Kreni inataka macho mawili. Jicho moja haliwezi kupima umbali wa mzigo na sitaha. Kazini wakamshusha, wakampa kazi ya kufungua na kufunga lango la stoo. Mtu aliyekuwa juu ya wote akinyanyua makontena, sasa anaandikisha namba za malori.

Na Mama Nekesa alibadilika. Yule mama wa kicheko. Akilini mwake mumewe alijitoa jicho mwenyewe kwa mchezo. Zile fimbo alizivunja kwa mguu, akazitia kwenye jiko la mahamri. Ikawa kila kinachopungua nyumbani ni lile jicho. Nekesa akikosa hiki, "Muulize baba yako, fundi wa samaki." Mgeni akija, "Huyu? Huyu alijivua mwenyewe."

Alilisema hilo mbele yangu si mara moja. Mimi nimekaa kwenye kiti cha mbao, kikombe mkononi. Wafula anatazama sakafu. Halafu ananiambia, "Kunywa chai, itapoa."

Ndiyo, nilikuwa nikienda. Kila Idi na kila Krismasi, na katikati pia. Nikiwapelekea chewa. Na niliwavua vipi hao chewa? Kwa kubembeza. Kwa mbinu ya mwenye nyumba. Mama Nekesa akiwapokea kwa mikono miwili, akisema, "Mungu akuweke, Athumani. Wewe ndiye uliyembeba."

Wallahi yale maneno yalikuwa mabaya kuliko matusi.

Kuna wakati nilimwendea sheikh mmoja wa kwetu. Nikamwambia nina rafiki yangu, kafanya hivi na hivi. Mnaijua ile ya "rafiki yangu". Sheikh akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwambie rafiki yako haki ya Mungu anaweza kuiomba msamaha msikitini. Haki ya mja iko kwa mja mwenyewe. Aende akabishe mlango."

Nikaenda. Nikabisha mlango. Nikakaribishwa, nikala, nikaaga, nikarudi.

Miaka saba.

Katikati ya miaka ya tisini kazi ya Wafula ikaisha, akapunguzwa pamoja na wengi. Wakaamua kurudi kwao bara. Siku ya kufunga mizigo nikaenda kusaidia. Tulikuwa uwanjani, pale pale nilipojifunza. Magodoro yamekunjwa, masanduku yamefungwa kamba, majirani wanaingia na kutoka kuaga.

Mama Nekesa akanishika mkono mbele ya watu. Akasema, "Mmemwona huyu? Huyu si kabila letu wala dini yetu. Lakini siku mume wangu alijitia ujinga, huyu ndiye alimbeba kwa matope. Mume wangu hana akili, lakini Mungu alimpa rafiki."

Watu wakaitikia, "Amina."

Sijui kama ni ile amina iliyonisukuma.

Nikasema, "Mama, si yeye."

"Nini?"

"Hakuvuta yeye. Nilikuwa na fimbo mimi. Alinikataza kuinua mkono, nikainua. Ndoana ilimshika jicho, nikavuta. Ni mimi. Hospitalini nilikudanganya."

Mama Nekesa hakupiga kelele. Aliuachia mkono wangu taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu kilichovunjika.

Akamwita binti yake. Nekesa alikuwa msichana mkubwa sasa, anakaribia kumaliza shule. Akaja anajifuta vumbi.

"Rudia," Mama Nekesa akaniambia. "Sema tena. Na huyu asikie."

Nikarudia.

Akawaita wale majirani wa nyumba ya pili, ambao walikuwa nje. "Rudia."

Nikarudia mara ya tatu, nalia, mtu mzima mwenye watoto wawili. Hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Ndipo akamgeukia mumewe. "Na wewe? Mbona ulikubali?"

Wafula alikuwa amekaa juu ya sanduku. Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Akasema polepole, na sijaweza kuyasahau maneno yake.

"Alikuwa na harusi. Nikasema, ataogopa leo, atasema kesho. Kesho akakuja na samaki, hakusema. Nikasema, basi Krismasi. Kila akibisha hodi mimi najiambia, leo ndiyo ile siku. Halafu miaka ikakuwa mingi, nikaona nikisema mimi utamchukia yeye na utanichukia mimi pia."

Akanitazama kwa lile jicho moja. "Mimi nilikusamehe kitambo, Athumani. Nilikuwa nangoja tu usikie mwenyewe vile inasikika."

Nilipiga magoti. Akaninyanyua. Tukaendelea kufunga mizigo. Ndiyo, tuliendelea. Lori lilikuwa linakuja na kamba zilikuwa hazijafungwa. Tulifanya kazi saa nzima.

Lori lilipojaa, Wafula akapanda nyuma na vitu. Nekesa akapanda mbele bila kuniaga. Mama Nekesa akasimama mlangoni mwa lori, mguu mmoja juu. Nikamsogelea. Nikamwambia, "Mama, naomba radhi."

Akasema, "Jicho lilikuwa lake. Amelisamehe, ni sawa. Lakini miaka saba mimi nilimtukana huyu mtu kitandani kwake, mezani kwake, mbele ya mtoto wake. Hakuwahi kunijibu. Hiyo miaka ni yangu. Wewe ulinipa nikaibeba kama ni kitu cha kweli. Sasa niambie nitaipeleka wapi."

Akapanda. Lori likaondoka.

Wafula aliniandikia barua mbili. Alifariki mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nekesa ndiye aliyenitumia habari, mistari mitatu, bila salamu. Nilikwenda mazishini. Mama Nekesa alinipa mkono kama alivyowapa waombolezaji wote, akampa wa nyuma yangu.

Tangu siku ile ya lori, anayeniuliza Jomvu nani kanifundisha namwambia: mtu wa bara, dereva wa kreni, nikamtoa jicho. Nimewafundisha vijana wengi wa pale kubembeza, na kila mmoja nampa kisa hiki kabla sijampa fimbo. Wengine hawarudi. Sawa.

Funzo langu, wakuu? Nilidhani siku ya kukiri ndiyo siku ya kumaliza. Kumbe uongo ukiukalisha nyumbani kwa watu unazaa humo, na wale watoto wake si wako tena uwachukue. Mwenye neno la kusema aliseme hospitalini pale pale, damu haijakauka.

Mama Nekesa yu hai. Nasikia ni ajuza sasa, haoni vizuri, anaishi kwa bintiye. Nimewahi kukata tiketi ya kwenda mara mbili, na mara zote mbili nimeshuka kabla gari halijatoka. Siogopi atanitukana. Naogopa atanikaribisha chai.

Semeni chochote, hata kikali. Lakini kina mama humu ndani ndio nataka niwasikie zaidi: ungekuwa wewe ni yeye, ungetaka nije?